Makaa ya Makapi

Mkaguzi wa maji alikuja siku tuliyokuwa tunatia vitambaa rangi nyekundu. Angekuja siku ya manjano labda mambo yangekwenda vingine, maana manjano ikishachanganyika na matope huioni tena. Nyekundu haina siri. Ilitoka chini ya ukuta wetu, ikafuata mfereji nyuma ya nyumba za watu, ikapita chini ya kidaraja, ikaingia kwenye kijito ambako Bwana Tuta, mkulima wa kule chini, huchota maji ya kumwagilia mboga. Mkaguzi aliifuata kutoka huko chini kama mtu anayekusanya uzi uliofumuka, mpaka akafika langoni kwetu.

Alikuwa binti mdogo kwa umri, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba. Kabla ya neno lolote aliniamkia. Hilo niliweka moyoni, maana wapo wanaokuja kukufungia riziki bila hata salamu.

"Mama," akamwambia mwanangu, "haya maji yanakwenda wapi?"

"Si umetoka huko?" mwanangu akajibu, mikono yake myekundu hadi viwikoni. "Yanakwenda ulikotoka."

Mwanangu ana ulimi. Watu wanamwita Mama Chiriku, kwa sababu ya binti yake ambaye tangu ajue kusema hajanyamaza, na mimi huwa nawaambia kwamba chiriku mkubwa ndiye mama mtu. Lakini siku ile nilijua kwamba ule ulimi ulikuwa woga.

Watu husema kiwanda, ila ni ua tu wa nyuma ya nyumba yangu. Upande mmoja kuna bati, upande wa pili jua, katikati kamba za kuanikia, na ukutani mapipa matatu ya maji machafu yaliyopangwa ili yatulie kabla ya kufunguliwa mferejini. Kazi ya kutia rangi mwanangu alifundishwa na mama mkwe wake, mwanamke mkali aliyependa usafi kuliko chakula. Mumewe alipofariki alirudi kwangu na mtoto mgongoni, sufuria mbili kubwa na ujuzi huo. Ndiyo mali aliyorudi nayo. Kwa ujuzi huo tulikula, tukaezeka, Chiriku akapata viatu vya shule.

Mkaguzi alichota maji kwenye kichupa, akakiinua juani, akakiweka kando ya kichupa kingine chenye maji meupe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu.

"Nitarudi Alhamisi ya mwisho wa mwezi," alisema. "Nikikuta maji yanatoka hapa yana rangi, naziba. Sitaki, lakini nitaziba."

"Na mimi nikale wapi?" mwanangu akauliza.

Binti wa watu alitazama viatu vyake vyenye tope. Nilimpeleka bombani akaoshe viatu, na hapo, akiwa ameinama, akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo sidhani lilikuwa kazi yake kulisema. Kwamba kuna watu huchoma taka za viwandani bila kuziachia hewa, zikawa makaa, wakayasaga, wakayatia kwenye maji ya rangi. Makaa yanakula rangi. Taka zozote za mimea, makapi, maganda, vumbi la mbao.

"Bibi, sijawahi kuyafanya kwa mikono yangu," alisema. "Nimesoma tu na kuonyeshwa. Lakini jaribuni."

Sasa ni lazima niseme kilichokuwa nyuma ya hayo yote, maana bila hicho ua ni ua tu na mapipa ni mapipa. Mwanangu alikuwa amejiandikisha kwa wakala, mwanamke mmoja wa mjini anayepeleka wasichana kufanya kazi za ndani nchi za mbali. Miaka miwili bila kurudi. Alijiandikisha mwaka uliopita biashara ilipolala, kisha ikaamka, akaliacha jina lake pale kama mtu anavyoacha mwavuli kwa jirani. Sasa wakala alikuwa anapiga simu. Safari ilikuwa karibu. Ua ukifungwa, mwanangu anakwenda, na mimi nabaki na Chiriku, kwa magoti haya ambayo hayapandi ngazi, nikimwomba Mungu aniache hai mpaka mama yake arudi. Nimeona waliorudi wazima. Nimeona pia waliorudi hawataki kusimulia.

Basi tukaenda kiwanda cha mafuta.

Kile kiwanda hukamua mbegu za pamba, na makapi yake hutupwa nyuma, mlima mzima wa kahawia unaofuka mvuke wenyewe asubuhi za baridi. Harufu yake ni ya mafuta yaliyochacha. Mlinzi wa pale, mzee mwenzangu mwenye jicho moja lenye mtoto, alicheka aliposikia tunataka makapi.

"Hizi taka? Wenyewe wanatafuta wa kuwalipa wazitoe, nyie mnakuja kuomba?"

"Tunaomba," nikasema.

"Mama, chukua mpaka uchoke. Ukichoka, mimi nitakuchukulia."

Alinipa kigoda chake nikae. Mwanangu alipokuwa anajaza magunia, mzee yule alitoa uzi na sindano mfukoni mwake akashona midomo ya magunia moja moja, polepole, kwa sababu jicho halikumtii. Hakuna aliyemwomba.

Kuchoma kulitutesa. Unatia makapi kwenye pipa dogo la chuma, unafunika kwa udongo, unaacha tundu dogo la moshi, unaliweka katikati ya moto mkubwa. Mara ya kwanza udongo ulipasuka, hewa ikaingia, tukafungua tukakuta majivu matupu ambayo hata jiko lisingeyataka. Mara ya pili moshi ulikwenda kwa jirani aliyekuwa ameanika shuka nyeupe, tukaomba radhi hadi midomo ikakauka. Ya tatu ilikubali. Makaa yalitoka meusi, mepesi, na ukiyadondosha sakafuni yalilia kama vigae. Mwanangu alinishika bega. Wanawake wawili waliokuwa wanafanya kazi naye walipiga vigelegele vya chini chini, vya kuogopa kusikiwa.

Tukatwanga, tukachekecha. Kisha, kabla ya kuyatia pipani, mwanangu akayaosha.

Hapo naomba mnielewe vizuri, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibikia na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Pale uani kuna sheria moja aliyoileta kutoka kwa mama mkwe wake. Kitu kisichopita sabuni na magadi hakiingii kwenye pipa. Kitambaa kipya kina mafuta ya kiwandani, usipokichemsha kwenye sabuni na magadi kikatakata, rangi inashika huku inaacha kule. Uzi, kitambaa, hata mti wa kukorogea, vyote hupita sabuni. Yule mama aliwahi kumrudisha mkwewe mwingine nyumbani kwao kwa sababu ya kukorogea mti mchafu. Na haya makapi yalikuwa ya mbegu za mafuta, yananuka mafuta. Kama kuna kitu kilichohitaji kuoshwa duniani, ni haya.

"Mafuta na rangi hawakai nyumba moja," mwanangu alisema, na sote tuliitikia. Tulichemsha makaa kwenye sabuni na magadi, tukayasuuza, tukayakamua kwenye shuka, tukayatia kwenye pipa la kwanza tukiwa na furaha ya watu waliofanya kazi vizuri.

Tukakoroga kwa zamu, tukaacha yatulie.

Asubuhi maji yalikuwa mekundu, na juu yake limetanda povu jekundu zuri kama la kitu cha kunywa. Mwanangu alisema povu ni dalili kwamba uchafu unatoka. Tukaongeza makaa. Tukaosha mengine kwa uangalifu zaidi, sabuni zaidi, tukatia pipa la pili. Povu likazidi. Rangi ikabaki palepale, inatutazama.

Siku ziliendelea hivyo. Tulibadilisha kila kitu. Tuliyasaga zaidi, tukayachoma zaidi, tukakoroga kwa mkono wa kushoto. Hilo la mkono wa kushoto alishauri mmoja wa wale wanawake wawili, na tulikuwa tumefika mahali pa kulifanya bila kucheka. Sheria ya sabuni hatukuigusa. Nani anagusa nguzo ya nyumba akitafuta panya?

Wale wanawake wakaondoka. Hawakuondoka vibaya. Waliosha sufuria zote, wakazifunika, wakaja kwangu wakaniambia wamepata mahali pa kufua nguo, na kwamba ua ukifunguka waitwe. Mmoja alimwachia Chiriku kitana chake.

Kisha akaja Bwana Tuta. Tunamwita hivyo kwa jinsi anavyopenda matuta yake yanyooke. Huyapima kwa kamba. Alikuja amebeba kabichi chini ya kwapa, akaiweka mezani mbele ya mwanangu kama mtu anayeleta mtoto aliyepigwa.

"Itazame."

Majani ya nje yalikuwa na ukingo mwekundu.

"Sokoni wananiuliza, mzee, kabichi zako zinakwenda kuposwa? Mbona zimepaka rangi ya mdomo?"

"Ukizikata ndani ni nyeupe," mwanangu akasema.

"Nani atanunua akakate? Mtu ananunua kwa macho, Mama Chiriku. Wewe muuza vitambaa ndiye wa kuambiwa hivyo?"

"Basi ziba mfereji. Chukua saruji, ziba. Si ndiyo unataka?"

Mzee aligeuka. Aliyatazama mapipa, mlima wa makaa, mikono ya mwanangu iliyokuwa sasa myekundu na myeusi. Nilidhani atafoka.

"Wenzangu wa kule chini walitaka tuzibe juzi," alisema. "Nikawaambia tusubiri. Mapipa yake yamejaa, tukiziba leo yatamfurikia ndani kwa mama yake mzee." Akaichukua kabichi yake, akafikiri, akairudisha mezani. "Pikeni. Ni nyeupe ndani."

Tuliipika. Mwanangu hakula. Alikuwa ameacha kula siku kadhaa, anakaa na sahani, anageuza geuza, kisha anamsogezea mtoto. Mashavu yalimwingia. Nilimwamsha kila asubuhi nikiogopa kugusa bega lake, lilivyokuwa limebaki mfupa.

"Mama," aliniambia Jumanne jioni, "kesho naenda kwa wakala kupigwa picha."

"Alhamisi bado haijafika."

"Alhamisi inakuja na nini? Inakuja na kizibo." Aliinuka. Kwenye kona kulikuwa na gunia moja la mwisho la makaa ambalo hatukuliosha, kwa maana sabuni ilikuwa imekwisha na hakuna aliyekuwa na moyo wa kununua nyingine. Alilinyanyua, akalimimina lote kwenye pipa la tatu, vumbi jeusi likampanda usoni. "Nendeni huko," aliyaambia makaa. "Mkaoze pamoja." Alikoroga kwa hasira mara chache, akautupa mti, akaingia ndani akalala na nguo za kazi.

Chiriku aliniuliza, "Bibi, mama akienda ataondoka na ndoo yetu?"

"Ndoo gani?"

"Ile yenye mpini. Akiondoka nayo, sisi tutaogea nini?"

Nikamwambia ndoo itabaki. Alishusha pumzi, akalala. Mtoto huhofia kile kinachomtosha kubeba. Mimi nilikaa nikiitazama ile ndoo yenye mpini mpaka taa ikafifia.

Jumatano mwanangu alikwenda mjini. Nilibaki uani nikichambua dengu, mtoto akicheza na kikombe cha bati kando ya mapipa, mahali nilipomkataza na ambapo alikuwa daima. Kikombe kikamponyoka, kikatumbukia kwenye pipa la tatu. Nikamwambia asiingize mkono, hakipatikani, maji hayo hata mchana huoni kidole chako.

"Kinapatikana," alisema. "Kile pale."

"Wapi?"

"Pale chini. Bibi, nakiona."

Niliinuka, dengu zikamwagika. Nilishika ukingo wa pipa. Makaa yalikuwa yametuama chini kama tope la usiku, na juu yake kimelala kikombe, na juu ya kikombe hakukuwa na kitu isipokuwa maji. Hayakuwa meupe kama ya bomba. Yalikuwa na uwaridi kidogo sana, kama ukucha wa mtoto. Lakini nilikiona kikombe, hata pale kilipobonyea.

Mwanangu alirudi alasiri na picha zake za paspoti kwenye bahasha, uso umemshuka. Nilimshika mkono nikampeleka.

Alitazama muda mrefu. Akaenda pipa la kwanza, nyekundu. La pili, nyekundu. Akarudi la tatu. Akachota kwa kiganja, akanusa, akasugua kwa vidole. Akarudi la kwanza, akasugua. Hapo akasimama kabisa.

"Hili linateleza," alisema. "Mama, gusa. Linateleza kwa sabuni. Lile halitelezi."

"Makaa ya lile hukuyaosha."

"Sikuyaosha." Alikaa chini kwenye tope. "Nimeyalisha sabuni. Makaa yanakula, si ndiyo alivyosema yule binti? Yanakula. Mimi nikayashibisha sabuni kwanza, ndipo nikayakaribisha rangi. Yale mafuta niliyokuwa nayaogopa, moto ulishayamaliza."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka, nikamshika kichwa chake mapajani mwangu, kizito na chenye vumbi, kama alipokuwa wa umri wa Chiriku.

Tulijaribu kuokoa kilichobaki. Makaa yaliyoshiba sabuni hayasaidiki kwa maji. Tulisuuza ndoo kwa ndoo na bado yanatoa povu. Mwanangu alisema yarudi motoni, moto uiunguze sabuni kama ulivyounguza mafuta. Alikuwa sahihi. Tulichoma pipa dogo moja, tukayajaribu kwenye bakuli la maji mekundu, na rangi ikaanza kupungua mbele ya macho yetu. Lakini kuni zikaisha. Zilizotakiwa zilikuwa mzigo wa mkokoteni, na sisi tulikuwa tumebaki na ngazi ya zamani na meza ya kabichi. Tulichoma ngazi.

Alhamisi mkaguzi alifika mapema. Bwana Tuta alikuja naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyelalamika na sheria inataka mlalamikaji aone. Wote wawili waliniamkia. Chini ya ukuta, kwenye mdomo wa mfereji, mwanangu alikuwa ameunganisha pipa la tatu ili ndilo lifunguliwe.

Mkaguzi alifungua. Maji yakatoka. Akakinga kichupa, akakiinua juani, akakiweka kando ya kile cheupe. Alitabasamu kwa namna ambayo mtu wa ofisini hatakiwi kutabasamu.

"Mama Chiriku. Mmefanyaje?"

"Makapi ya mbegu za pamba."

"Mzee, tazama," akamwambia Bwana Tuta. Mzee akavaa miwani yake, akatazama, akatikisa kichwa kwa kushangaa. Mkaguzi akatoa karatasi zake, akaanza kuandika akiwa ameegemea ukuta. Yale mapipa mawili yalikuwa yamefunikwa kwa mikeka. Aliyaona. Najua aliyaona, kwa sababu macho yake yalikwenda pale yakarudi haraka kwenye karatasi, na kalamu ikaongeza mwendo. Alikuwa anatupa mlango wa kutokea. Nilimwombea heri moyoni.

Mwanangu akasema, "Na yale mawili."

Nilimtazama kwa jicho ambalo mtoto wa mtu hulielewa tangu akiwa tumboni. Alilielewa. Aliligeuzia kisogo.

"Sijakuuliza hayo," mkaguzi alisema, bado anaandika.

"Najua hujaniuliza. Yale bado mekundu. Makaa yake niliyaharibu kwa sabuni. Ukiondoka hapa nitakuwa sina pa kuyapeleka ila mferejini, na mimi najijua, nikibanwa nitayafungua." Alimwonyesha Bwana Tuta kwa kidevu. "Yataenda kwake. Huyu alinisubiri."

Kalamu ilisimama. Binti yule aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa yamelowa, na nikamhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi.

"Mama," alisema, "ukishaniambia siwezi kutojua."

"Nafahamu."

Aliifunga koki ya kufungulia maji mferejini kwa waya na muhuri wa lakiri. Alifunga taratibu, na alifunga koki peke yake. Sufuria hakuzigusa, jiko hakuligusa, kamba hakuzigusa. Akasema kwamba tone lolote lisitoke nje mpaka atakapofungua mwenyewe, na kwamba hajui ni lini, zamu yake ya mitaa hii ilikuwa inaisha na atakayekuja hamjui. Bwana Tuta alisimama amekunja kofia mikononi. Kisha wakaondoka.

Nilimgombeza mwanangu. Sitaficha. Nilimwambia ana mtoto, na kwamba ukweli haupikwi ukaiva. Aliichukua bahasha ya picha akaiweka juu ya kabati, tayari kwa safari, akatoka akakaa kwenye sakafu ya uani akiwa ameegemea pipa la tatu. Maji yamezidi unga, nilijisemea. Mapipa matatu yamejaa, hakuna pa kumwaga, na bila pa kumwaga hakuna kupika rangi. Ua umekufa hata kama sufuria ni nzima.

Jua lilipopanda tulisikia magurudumu. Bwana Tuta alikuwa anasukuma mkokoteni uliojaa mabua makavu na visiki vya shamba lake, jasho likimtiririka. Hakuingia. Aliupindua mzigo langoni.

"Nilikuwa nataka kuzichoma tu," alisema kwa ukali, kama mtu anayetukana. "Zinanijazia panya."

"Mzee, ahsante," nikasema.

"Nimesema panya."

Alipoondoka, mwanangu alibaki anazitazama kuni. Aliingiza kidole kwenye maji ya pipa la tatu, akakiweka ulimini. Nikashtuka, nikamwambia asile dawa. Alionja tena.

"Chumvi yangu bado imo," alisema.

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Kila sufuria ya rangi hutiwa chumvi nyingi, ili rangi ishike kitambaa, na chumvi hiyo yote humwagwa na maji. Makaa yamekula rangi, chumvi hayakuigusa. Haya ni maji ya chumvi yaliyokwisha tayarishwa. Kama hayawezi kutoka nje, kwa nini yasirudi ndani?

"Yatashika?"

"Sijui. Mama mkwe angenichapa."

Aliyachuja kwenye shuka mara mbili, akayarudisha kwenye sufuria, akawasha kuni za panya za Bwana Tuta. Alitia buluu, akatumbukiza kipande cha kitambaa cheupe kilichooshwa kwa sabuni na magadi, maana kitambaa hakikuwa na kosa. Tulikaa tunakoroga, yeye na mimi. Alipokiinua kilitiririka, akakisuuza kwenye ndoo yenye mpini, akakitandaza juani.

Ilikuwa buluu. Si ile ya zamani iliyokuwa inang'aa. Ilikuwa imefubaa kidogo, imezama, kama inafikiri.

"Sema kweli," aliniambia. "Ungenunua?"

Nilikigusa, nikakizungusha. "Kitambaa cha kichwa, hapana. Itanizeesha, na mimi sihitaji msaada. Pazia, ningenunua."

"Pazia."

"Na shuka za hospitali. Na kitambaa cha meza kwa mtu asiyependa kufua kila siku."

Simu iliita alasiri. Alikuwa wakala, akiuliza zile picha. Mwanangu alikuwa amekaa mbele ya pipa dogo la kuchomea, uso mweusi, anayarudisha makaa motoni kwa kijiko. Aliisikiliza simu akiwa ameibana kwa bega.

"Dada, nafasi yangu mpe mwingine," alisema. Akasikiliza. "Najua hairudi." Akasikiliza tena, kijiko kimesimama hewani. "Nikijuta nitajutia hapa."

Akaikata, akaendelea na kijiko. Makaa yakawa yanamwagika nje ya pipa, nami nikawa nayaokota moja moja namrudishia. Mapipa mawili yalikuwa bado mekundu. Lakiri ilikuwa palepale kwenye koki. Ndani kulikuwa na dengu za kutosha kesho, labda na keshokutwa. Nilitaka kumwambia kwamba nimefurahi hatakwenda, lakini niliogopa sauti yangu ingemwonyesha hofu iliyokuwa pamoja nayo, kwa hiyo nikamuuliza kama niongeze kuni.

"Ongeza," alisema. "Makaa bado yanateleza."